Mpiga Tarumbeta na Mashine ya Pumzi

Miaka arobaini mpiga tarumbeta kubwa wa bendi ya harusi amepuliza, hajawahi kupulizwa. Ndiyo maana nesi alipomwambia kwamba pumzi zinamkatika usingizini, na kwamba aivae barakoa ya mashine ya kumsukumia pumzi mchana kwanza, akiwa macho, ili aizoee, yeye alielewa ni mashindano. Kila baada ya chakula huketi barazani, huikaza mikanda kwa vidole vinene kama anayefunga farasi, huwasha mashine, hujaza mashavu, kisha huirudishia upepo wake. Macho humtoka, masharubu hupiga mluzi, mguu wa kulia huhesabu mapigo. Mkewe Radojka, anayemenya pilipili hoho za kuchoma, hucheka mpaka machozi.

“Mzee wangu, usipigane nayo!”

Anaivua. “Yenyewe ndiyo iliyoanza!”

“Ndiyo kazi yake. Wewe pumua tu.”

“Niiachie ishinde?”

“Kwani hiyo ni bendi ya kijiji jirani?”

Jana Radojka hakucheka. Alisema tu, bila kuinua macho, kwamba kile kitanda cha jikoni, alikokimbilia kuukwepa mkoromo wa mumewe miaka kumi na mmoja iliyopita, kinamuumiza mgongo. Mpiga tarumbeta akalegeza mkanda mmoja, halafu wa pili. Mashavu yakanywea. Mguu ukaacha kuhesabu. Upepo ukaingia, ukatoka, na baada ya muda kichwa kikaegemea ukuta, bila hata chembe ya mkoromo. Radojka akajifuta mikono, akaenda jikoni kuchukua mto wake.