Tende Zisizopimwa

Nyamvula alishona maturubai ya malori huko Mikindani, Mombasa, miaka kumi na tisa, na hakuna dereva aliyewahi kumrudishia turubai lililofumuka. Basi alipopata kazi ya kukunja parachuti za mizigo, kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, hakubabaika.

Parachuti hizo, za kushushia misaada kutoka kwenye ndege, haziongozwi na mtu. Juu ya mzigo hufungwa kisanduku chenye kompyuta, nacho huvuta kamba ya kushoto au ya kulia mpaka mzigo utue palipopangwa. Lakini hakijui kupima. Huamini uzito ulioandikwa kwenye kadi, na chini ya uzito huo huandikwa jina na namba ya simu ya aliyekunja. Ya mkunjaji tu, si ya bwana mkubwa yeyote.

Mafuriko ya Mto Tana yalipokata barabara, mzigo wa dawa za watoto ulishuka kwa kasi, ukapita uwanja wa shule uliokusudiwa na kujibamiza kwenye mawe. Chupa zote zikavunjika. Msimamizi wa ghala, Safwan, akamwita Nyamvula akamwambia amepishanisha kamba, akae nyumbani mpaka aitwe. Kamba gani, jamani? Mwanamke huyu angezipanga amefumba macho.

Siku nne alikaa amefura, hali wala haongei, huku majirani wakinong'ona kwamba ameharibu dawa za wagonjwa. Siku ya tano muuguzi wa kijiji kilichokuwa kikingoja dawa akampata kwa namba ya kwenye kadi. Alimtumia picha ya mzigo na kumuuliza kama ndivyo wanavyofunga dawa huko Mombasa. Nyamvula akaitazama mara mbili. Katikati ya vigae vya chupa mlikuwa na tende zilizopondeka. Yeye hakufunga tende.

Alifika ghalani mori umempanda. Safwan hakukana. Mzee Obeid, mfanyabiashara wa tende, alileta katoni sita mzigo ukiwa umeshapimwa na uzito kuandikwa, naye Safwan akazipenyeza ndani. Zilikuwa sadaka, akasema, na nani angemkatalia mzee yule? Mwenye nguvu mpishe.

"Sadaka iwe yake, na dhambi iwe yangu?" Nyamvula akauliza.

Kabla hajajibiwa, Mzee Obeid mwenyewe akaingia, nyuma yake mchukuzi na katoni nyingine. Safwan akakimbilia kumpokea. Nyamvula akamwamkia mzee shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akaitwaa ile katoni na kuitua juu ya mizani. Safwan akamnong'oneza awe na adabu. Hakumsikiliza. Alimweleza mzee yote kwa hasira, akamwonyesha ile picha.

Mzee akaisogeza simu karibu na macho.

"Wallahi, lau ningaliambiwa, ningalizitoa kwa mkono wangu," akasema. "Mbona hamukunambia?"

Mzee akamwomba Nyamvula radhi, naye akaipokea, ila hasira haikumtoka. Kulikuwa na watoto waliokuwa wakingoja dawa tangu wiki iliyopita.

Mzigo mpya ukapimwa pamoja na tende zake. Nyamvula akaandika uzito, akaandika jina lake, kisha akamsogezea Safwan kadi na kalamu.

"Na lako," akasema, akasimama pale pale mpaka alipoliandika.