Siku Owiti Alipombishania Nyar Sondu

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili ishirini na moja. Hapana, nakosea, ishirini na mbili, kwa sababu kuta zote za mtaa wa Nyalenda zilikuwa na picha za watu wanaoomba kura. Mimi nilikuwa napita tu Kisumu, kama kawaida yangu, na Owiti akanipa mahali pa kulala. Aliuza maziwa. Mtu mpole sana, mbwa akimfukuza yeye anamwambia pole. Ng'ombe alikuwa naye mmoja tu, na huyo ndiye aliyewalisha wote nyumbani. Aliletwa kutoka Sondu, mahari ya binti yake Sheryl, basi tukamwita Nyar Sondu, binti wa Sondu.

Siku moja kamba ilikatika, Nyar Sondu akaingia barabarani, askari wakamfungia kwenye boma la mifugo wanaozurura. Tulipomfuata kesho yake, karani, msichana aitwaye Shiku, akadai faini, na juu yake pesa ya nyasi. Tusipolipa, ng'ombe anapigwa mnada.

"Nyasi gani, mama?" Owiti akauliza. "Hapa hata panzi wamehama."

Watu waliokuja kutafuta mbuzi wao wakacheka.

"Mzee, lipa uende. Wengine wanangoja."

"Na maziwa ya leo asubuhi amekunywa nani? Mimi ndiye nawadai nyinyi!"

Wakacheka zaidi, na mimi nikicheka kuwashinda. Owiti hakuwa amezoea kuchekewa vizuri hivyo. Kicheko kikampanda kichwani. Akampiga Nyar Sondu kofi mgongoni.

"Muangalieni! Huyu ni ng'ombe ama ni kamba ya kuanika nguo? Mifupa mitupu! Binti yangu mzima, halafu wakwe wananiletea kitu walichotaka kutupa. Na wewe unamtoza kama ng'ombe wa maana!"

Shiku mwenyewe alicheka mpaka akafuta machozi, akaifuta na pesa ya nyasi. Owiti akalipa faini, akashika kamba, akanigeukia nione alivyoshinda.

Nyuma yangu alisimama Mama Perez, mama mkwe wa Sheryl, na mananasi mawili mkononi. Alikuwa ametoka Sondu kuwasalimu. Nyumbani akaelekezwa huku. Kwetu, mbele ya mkwe hata kukohoa unakohoa kwa adabu.

Aliyaweka mananasi chini, akainamisha kichwa kidogo, akaondoka.

"Mama," Owiti aliita.

Tulirudi kwa njia za nyuma. Mananasi hakuna aliyeyakata, yakaoza. Owiti alianza kupeleka maziwa kabla watu hawajaamka, na Sheryl akipiga simu, anampa mke wake aongee.

Mwezi uliofuata miguu yangu ilielekea Sondu, na Owiti alikuwa amenituma. Mama Perez alinipikia samaki, akauliza habari za mvua, akauliza kama Nyar Sondu bado anakamuliwa. Nikamwuliza nilichotumwa. Akasema, "Kula, mzee, samaki anapoa." Nimepita huko mara nyingi tangu hapo, na kila mara Owiti hunituma na neno lile lile:

"Mama, siku ile pale bomani, ulifika wakati gani?"