Mhasibu Aliyenikata Kodi

Chekeni taratibu, kidonda bado kibichi. Sheria ya kodi ilipobadilika, makato yalipungua. Kiwandani kwetu Misugusugu mishahara ya wenzangu wote ikanona kidogo. Wangu ukabaki vilevile. Mori ukanipanda. Nikaenda ofisi ya kodi Maili Moja na hati yangu ya mshahara, nikamfokea mama wa kaunta, hata shikamoo sikumpa: “Mbona mnaninyonya peke yangu?”

Akaisoma polepole. “Umekatwa kwa viwango vya zamani, mwanangu. Mhasibu wenu hajui kazi. Ni nani huyo?”

Foleni nzima ilitega masikio. Nikakumbuka kompyuta ya mishahara, nilivyowabadilishia viwango wenzangu mmoja mmoja, nikajisahau.

“Shikamoo, mama,” nikasema. “Mhasibu ni mimi.”