Jina la Marehemu Kwenye Kishikwambi

Modesta ndiye fundi wa kompyuta wa ushirika wetu wa matunda hapa Kihonda, na fundi huyo hana kompyuta. Ana kishikwambi. Makao makuu walikifunga baada ya mtu mmoja kukitumia kuangalia mpira, hivyo siku hizi kinafungua ukurasa mmoja tu wa mtandao, hakikubali kupakua hata picha. Mtu huyo ni mimi, na sijutii, tulishinda.

Kupitia ukurasa huo Modesta anamaliza kazi zake zote. Programu huja imefungashwa pamoja na mahitaji yake kwenye kifurushi wanachokiita kontena. Yeye anabonyeza tu, nayo inaamka kwenye mashine iliyoko mbali. Mimi napima kreti huku nikiionea wivu kazi ya kukaa.

Jumanne ile alikuwa anaweka toleo jipya la programu ya zamu za chumba cha baridi. Gari la stroberi kutoka Nyandira lilikuwa linafika saa sita, na bila orodha ya zamu iliyomo hakuna anayejua kreti za nani ziingie kwanza. Stroberi haina subira; ikishinda juani inageuka uji. Ilikuwa jasho la watu arobaini na watatu, akiwamo mjomba wake Modesta, Laurenti, aliyetangulia kwa bodaboda ili, kwa maneno yake, asimamie.

Modesta alizima kontena la zamani, akajaribu kulipatia jipya jina lile lile, maana simu za wakulima huitafuta programu kwa jina hilo. Ukurasa ukakataa: jina lina mwenyewe.

"Mwenyewe si nimeshamzima," alinung'unika.

"Umemzima nani?" mjomba aliuliza.

"Kontena la zamani, mjomba. Limeshakufa. Nalifuta, jina libaki wazi."

Kidole kilikuwa kinakwenda kwenye alama ya kufuta. Mjomba akakidaka.

"Matanga mmeanua?"

"Mjomba, hii ni programu."

"Sawa, na sisi Waluguru tunarithi jina la marehemu. Mimi nililikimbilia la mjomba wangu, shamba nikaja kuliulizia baadaye. Jina ninalo mpaka leo, shamba wanalo wengine. Mali ya huyo wako iko wapi?"

Modesta alifungua maelezo ya kontena ili amridhishe tu. Kumbe orodha yote ilikuwa humo humo ndani, hakuna aliyewahi kuitengea ghala la nje. Angelifuta, ingekwenda nalo.

Akaliamsha la zamani, orodha ikajitokeza. Kupakua marufuku, kwa sababu ya mpira wangu, kwa hiyo nilinakili kwa mkono majina yote arobaini na matatu, mjomba akiyasoma na kutaja koo ambazo hakuna aliyemuuliza. Ndipo la zamani likafutwa, jipya likapewa jina na ghala lake, Modesta akaandika majina upya. Gari lilipoingia, kila kreti ilijua zamu yake.

"Mmemzika vizuri," mjomba alisema, kisha akamshika mpwa wake bega. "Siku yangu ikifika, wa kukimbilia jina watakuwa wengi. Wewe uwe wa kuuliza nimeacha nini ndani."

Modesta alimwambia hataki kusikia habari hizo. Akainamia kishikwambi, ingawa kazi ilikuwa imekwisha.