Opera Iliyotupwa Pipani

Watu wa kanisani huniambia hasira ni hasara. Nawajibu kwamba kwetu hasara ilitangulia, na aliyeileta ni kaka yangu wa tumbo moja, mtu mzima mwenye akili zake, aliyechukua kisanduku cha rekodi za baba akakitupa kwenye pipa la taka huku baba mwenyewe yuko hospitali, anasaidiwa kupumua.

Rekodi zote zilikuwa za kitu kimoja: opera ya Kifaransa iliyotungwa kutokana na ile hadithi ya binti anayelala jikoni kwenye majivu, mama wa kambo akimtumikisha, mpaka kiatu kinakuja kumwokoa. Baba alikuwa na seti mbili za CD alizozinunua kwenye duka la mitumba Parramatta, huku ughaibuni tulikohamia. Katika moja mwana wa mfalme anaimbwa na mwanamume, katika nyingine anaimbwa na mwanamke, na baba alikuwa tayari kumkalisha mgeni yeyote, hata aliyekuja kuomba chumvi, amweleze kwa nini huyo mwanamke ndiye sahihi. Wageni walitazama saa zao. Mimi nilicheka.

Ya tatu ilikuwa kaseti, na hiyo ndiyo ninayoililia. Zamani, Bukavu, masista wa shule alikofundisha baba waliigiza vipande vya opera hiyo, na sista mmoja akairekodi kwa redio kaseti. Baba aliimba sehemu ya baba wa yule binti. Binti aliimbwa na mwalimu mwenzake wa ushonaji, ambaye baadaye alikuja kuwa mke wake na mama yetu. Mama alifariki tulipokuwa tunakimbia vita, kaka akiwa mtoto wa shule na mimi bado wa kubebwa mgongoni. Sauti yake niliijua kwa kaseti hiyo tu. Mvua inapiga mabati ya ukumbi, kinanda kinahangaika, na yeye anaimba kana kwamba mvua haimhusu. Kipande chenyewe ni pale baba wa binti, aliyenyamaza muda wote mbele ya mke wake mkali, anapomwambia mwanawe waondoke mjini warudi shambani kwao. Baba hakukubali kaseti itoke mikononi mwake kwenda kunakiliwa. Mafundi, alisema, hula kanda za watu.

Alikuwa akiishi nami Guildford. Korona ilipochachamaa, na mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, tuliona ni salama zaidi ahamie kwa kaka, Macquarie Fields, nisije nikamletea ugonjwa. Akaenda na redio yake na kisanduku chake. Ugonjwa ukamkuta hukohuko.

Ambulensi ilipomchukua, kanisa la kaka lilifanya maombi kwa Zoom. Mchungaji, Pasteur wao, akaagiza nyumba ya mgonjwa isafishwe, kila chenye roho chafu kitoke. Kaka akazunguka chumba cha baba, simu mkononi, kanisa zima linatazama. Kwenye jalada la CD moja kulikuwa na yule mama wa miujiza wa hadithi, anayempa binti gauni la kwendea karamuni, nywele ndefu, gauni la kumetameta, amesimama kando ya maji. Aliyelelewa Bukavu anajua mwanamke wa namna hiyo, jini wa majini anayenasa watu, anaitwaje.

"Mamba muntu huyo!" mama mmoja akapiga kelele. "Njo anamukamata muzee!"

Kisanduku kizima kikaenda pipani, CD na kaseti pamoja, na lori la taka likapita. Asiyekuwepo na lake halipo. Watu waliovuka mipaka kwa akili zao, waliowashinda wanajeshi na vizuizi vya barabarani, wakashindwa na picha ya karatasi.

Mimi sikuambiwa. Hospitali haikuruhusu wageni, kwa hiyo nilikuwa nikingoja simu ya muuguzi aliyemhudumia baba, dada mmoja Mkenya. Siku moja akasema, "Dada, mzee amechoka sana. Kama kuna wimbo anapenda, piga video call, nitamuwekea simu kwa sikio."

Nikampigia kaka aiandae kaseti. Ndipo akanieleza, kwa sauti ya mtu anayetoa ushuhuda: "Dada, tulishaitupa. Pasteur alisema."

Nilimtukana kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na kwa Kiingereza nilichofundishwa na wazee wa kazini, ambao wanajua kutukana. Kisha nikaitafuta opera mtandaoni. Tukakutana kwenye simu: baba kitandani, kaka kwake, mimi jikoni kwangu. Nikaweka palepale pa baba na binti. Waimbaji mabingwa, okestra kubwa, hakuna mvua.

Baba akafumbua macho. "Haiko hii," akasema.

"Anasema sio hii," muuguzi akarudia, akidhani hatukusikia.

"Ile ya mama yenu."

Kaka aliinamisha kichwa. Nilingoja aseme neno, hata la uongo. Mimi nikasema inatafutwa, baba, tutaileta. Aliuliza tena, na tena, mpaka muuguzi akaomba tumwache apumzike. Hatukuzungumza naye tena. Alizikwa bila matanga, watu wachache wenye barakoa, na sisi wengine tukitazama kwenye simu.

Kaka alinipigia baada ya mazishi, analia. Aliomba msamaha, sikumpa. Akasema basi anisikilizishe kitu, kwa sababu mama alikuwa akimwimbia alipomwogesha. Akaimba. Ni kiongozi wa kwaya, sauti anayo. Aliimba sehemu ya mama yote, kwa Kifaransa, bila kukosea, na kila mahali mama alipovuta pumzi kwenye kaseti, naye alivuta. Alidhani ananifariji.

Nilimwacha amalize.

"Na siku ile baba anauliza," nikamwambia, "hii ilikuwa wapi?"

Nikamwuliza tena.

"Pasteur alikuwa kwenye simu?"

"Hapana," akasema. "Tulikuwa sisi tu."