Posa kwa Gia ya Mbio

Leo nimeposwa na mtu aliyekuwa anapita.

Mchumba wangu Mihayo, karani wa boma pale Tabora, ana baiskeli isiyo na friwili wala breki. Gurudumu likizunguka, pedeli nazo zinazunguka. Ukitaka kupunguza mwendo, unakaza miguu.

Fundi alimshauri afunge gia kubwa ya nyuma, maana ni nyepesi na mtelemkoni inazuilika.

"Hiyo ya wazee," akasema bwana mkubwa. Akafunga ndogo, ya mbio.

Basi leo kaja kwetu Sikonge kuposa. Suti, tai, kila kitu. Baba na mama wamekaa uani wanamsubiri.

Kwenye mtelemko wa kwetu gia ikamshinda. Miguu inakwenda kama cherehani, jamani!

"Shikamoo baba!" Huyoo, akapita.

"Marahaba. Mbona husimami?"

Alisimama, ndiyo. Katikati ya tumbaku ya baba.

Nikajua uchumba umekwisha. Lakini akainuka, majani kichwani, akarudi na kupiga magoti. "Nimekuja kuomba mke."

Baba akamtazama, akaitazama tumbaku.

"Mke utapata. Kwanza kaweke breki."

Haya, nyie mnaonijua: nicheke au nilie?