Mama Mkwe Juu ya Springi

Wasomaji wenzangu, mimi ni mkosaji na sitafuti wa kunitetea. Chekeni kwanza mmalize, halafu mnisikilize, maana haya yamenikosesha usingizi na karibu yanikoseshe mke.

Mimi ni fundi wa magari hapa Garsen. Nina mchumba, Zipora, binti wa Tarasaa. Baba yake ana pikapu ya zamani, ya enzi zile chuma kilikuwa chuma kweli. Aliponipa niifufue, aliniambia pikapu hiyo ndiyo itakayompeleka binti yake kanisani. Isiposimama, harusi nayo itangoja.

Niliifungua yote. Bodi kando, injini kando, ikabaki chesisi tupu, mifupa mitupu juu ya magogo. Mzee akawa hachoki kupiga simu, anataka kujua nimefika wapi. Nikamwambia springi za mbele nimeshazifunga, yamebaki magurudumu tu. Uongo mtupu! Springi zilikuwa pale kwenye kona zinanitazama, hata grisi sijazipaka.

Mdomo huponza kichwa. Mzee akafurahi, akasema kesho yake atakuja na mama waione.

Sasa nieleweni. Springi ya mbele haiingii kwa kubembelezwa. Unaiweka juu ya mkono wa chini, ule unaobeba gurudumu, halafu unaupandisha mkono kwa jeki mpaka springi ijikunje. Gari likiwa na injini, uzito wake unaikandamiza. Chesisi tupu haina uzito. Nilipopiga jeki, springi ilikataa kujikunja, chesisi nzima ndiyo ikanyanyuka!

Dawa yake naijua, msidhani siijui. Ni bolti ndefu. Unaipitisha katikati ya springi, unakaza nati pole pole mpaka springi isalimu amri. Lakini bolti ya namna hiyo ilikuwa mjini Hola, mbali na hapa, na wakwe wako njiani. Nikaona vijana wa bodaboda wamejikalia kivulini nje ya gereji wakingoja abiria, nikawaomba wapande juu ya chesisi.

Wembamba wote! Mimi nimelala chali chini napiga jeki, chesisi inapanda nao huku wanacheka. Nikawapigia kelele wanitafutie mtu mzito, yeyote anayepita.

Kumbe wakwe walikuwa wamefika mapema. Mzee alibaki barabarani anasalimiana na jamaa zake. Mama akatangulia kutafuta kivuli, amechoka na safari. Wale vijana hawamjui. Wakamkaribisha kwa adabu zote, wakamtandikia gunia juu ya chesisi, wakamwomba aketi pale amsaidie fundi. Akaketi. Mimi kutoka chini naona malapa na pindo la leso ya kijani, basi.

Lo! Springi ya kulia ikajikunja yenyewe, ikakaa mahali pake, nikafunga nati. Furaha ikanipanda kichwani.

"Mama wa leso ya kijani, Mungu akuzidishie kilo," nikamwambia. "Wewe peke yako ni injini nzima. Hebu hamia kushoto."

Akahama. Nikaanza ya kushoto. Springi imejikunja nusu, na mdomo wangu bado haujatulia.

"Baba mkwe akija nitamwambia nilimaliza wiki jana," nikajisifu. "Mzee wa Tarasaa anajua nini kuhusu springi?"

Halafu nikasikia sauti kutoka juu, taratibu kabisa.

"Huyo mzee wa Tarasaa ni mume wangu."

Jamani! Kwetu mama mkwe ni mtu wa kupishwa njia. Humpi mkono, humtazami machoni, huketi alipoketi yeye. Na mimi nilikuwa nimelala chali chini yake, nampimia kilo mbele ya watu!

Akainuka. Vijana waliposikia ni mkwe wangu, nao wakaruka chini. Uzito ukatoka wote mara moja, chesisi ikapanda, springi ikafyatuka. Ilipita kando ya sikio langu nikasikia upepo wake. Ikagonga pipa la oili chafu, ikabingirika mpaka barabarani, ikaenda kusimama miguuni pa baba mkwe. Kati ya watu wote barabarani, ikamchagua yeye!

Mzee akaiokota, akaja nayo mkononi. Nikatambaa kutoka chini, uso mweusi kwa oili.

"Hii ndiyo uliyoniambia umeshaifunga?"

Mama alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanamtikisika. Mpaka leo sijui kama alikuwa analia au anacheka, na siwezi kumuuliza.

Waliondoka bila kunywa hata chai. Harusi ikasogezwa mbele, bila siku. Nilipompigia Zipora kumweleza, alicheka mpaka akakohoa. Kisha kicheko kikaisha.

"Ungemwambia baba ukweli, angengoja yeye," akasema. "Sasa nangoja mimi."

Maneno hayo yaliniuma, wasomaji wenzangu. Yananiuma hata ninapoandika hapa.

Mafundi wenzangu, nawasihi. Springi iliyokunjwa ni hasira iliyofungwa, usiifanyie mchezo kwa kukalisha watu juu yake. Mimi bado nina kichwa kwa rehema za Mungu tu! Chesisi ikiwa tupu, tafuta bolti ndefu, au rudisha injini kwanza. Na kama kazi haijaisha, sema haijaisha. Mkwe akikasirika leo kwa ukweli, kesho atapoa.

Nilikwenda Hola, nikaileta ile bolti. Nikakaza nati kidogo kidogo, na springi ya kushoto ikaingia bila kelele, tena asubuhi moja tu. Asubuhi moja! Ndiyo niliyoiogopa nikadanganya. Zote mbili zimekaa sasa, nazitazama kila nikifungua gereji. Lakini nikisema zimekaa, nani ataniamini?

Nilimpigia mzee hata hivyo. Akasema watakuja wajionee wenyewe. Mama naye anakuja, ila ametoa sharti moja: akiingia gereji, anikute nimesimama.